Upande wa Taa

Tarehe 11 Aprili

Kwako Bwana Lenzi,

Barua yako nimeisoma kimya, kisha nikaisoma tena kwa sauti ili jirani aliyekuja kuazima jembe asikie kwamba mtoto niliyemlea sasa ni Mkaguzi wa Mbegu, mwenye kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Alisikia. Mimi ndiye sikusikia alichojibu, lakini kwa jinsi alivyotikisa kichwa nadhani alikuwa anapongeza. Jembe alisahau.

Usinipigie tena simu. Masikio yangu siku hizi ni ya kuvalia hereni tu. Wewe andika, nami nitajibu. Nilipiga chapa ofisini mpaka vidole vikaota sugu, barua haiwezi kunishinda.

Taa uliyonitumia imeshafungwa. Fundi wa pampu ameisimamisha juu ya nguzo pale kisimani, na tangu siku hiyo hakuna mwizi aliyethubutu kuisogelea pampu. Inajiwasha yenyewe giza likiingia na kujizima kunapokucha. Nusu ya shamba langu sasa haijui usiku ni kitu gani. Majirani wananitania kwamba bamia zangu zimehamia mjini. Wacha wacheke. Nikiuona ule mwanga dirishani najua kuna mtu ananifikiria, nalala.

Bamia zenyewe zimeota vizuri. Mwaka huu kikundi chetu cha wakulima wa mbegu kimenipa mimi kulima mbegu ya kuuzia wakulima wa wilaya nzima, kwa hiyo shamba zima ni aina moja, kutoka mkebe mmoja. Ufunguo wa ghala la mbegu bado uko kwangu, kwenye msumari wake nyuma ya mlango. Mwenyekiti anasema siku ufunguo ukitoka kwangu kikundi kitavunjika. Najua ananivisha kilemba cha ukoka, ila kilemba chenyewe kinanikaa vizuri.

Siku zimeanza kufupika, au mimi ndiye ninayechelewa kumaliza kazi. Kula ushibe. Mkaguzi mwembamba haogopwi.

Shangazi yako


Tarehe 6 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nina habari ambayo sijui kama utaifurahia.

Mkaguzi wa upande wenu amefanyiwa upasuaji, na mkuu wetu wa ofisi amenipa mimi mashamba yake. La kwako limo. Aliniuliza kama nitaweza kumkagua mtu wa damu yangu. Nikasema naweza.

Nakuomba mambo machache na usinielewe vibaya. Siku ya ukaguzi usinipikie. Usiniite Bwana Lenzi, jina lako la kunitania, mbele ya watu. Mimi nitakuita mkulima kama ninavyowaita wote, na sitaingia ndani. Kikundi kizima kitakuwepo kunitazama, na hapa ofisini kuna wanaonong'ona kwamba kazi hii niliipata kwa kujuana. Sitaki mtu apate pa kusema kwamba nimekubeba. Najua shamba lako halina kasoro, kwa hiyo itakuwa kazi ya muda mfupi tu, halafu siku nyingine nitakuja kama mwanao na tutakula mpaka tushindwe kusimama.

Mwanao


Tarehe 19 Mei

Ndugu Mkaguzi,

Nadhani hivi ndivyo unavyopenda kuitwa.

Ulikuja, ulikagua, ukaenda zako. Sikukupikia, kama ulivyoagiza. Nilikuwekea maji tu kwenye jagi, mezani, kwa sababu maji si chakula. Hukuingia. Yalikaa pale mpaka jioni nikayamwaga.

Kwa kuwa sisikii, nilikuwa naufuata uso wako. Ulipita mistari ya upande wa barabara ukiwa umetulia, nikasema moyoni, basi yamekwisha. Ulipofika upande wa kisima uso ukakaza. Ukachuma jani huku, ukachuma jani kule, ukayainua yote mawili watu wayaone. Moja limechanika kama vidole vya mkono, jingine limekaa pana kama sahani. Kisha ukaegemea nguzo ya ile taa yako ukaanza kuandika. Nilijua ni vibaya kwa jinsi watu walivyoacha kuniangalia. Ilibidi katibu wa kikundi aniandikie kwenye kipande cha karatasi ndipo nijue: mbegu imechanganyika, shamba lote limekataliwa, bamia ziuzwe sokoni kama mboga.

Hukuniuliza kitu. Hata kile ambacho ungemuuliza mtu usiyemjua hukuniuliza.

Jioni Mwenyekiti alikuja. Alisimama mlangoni akiongea na viatu vyake. Sikuhitaji kusikia, nilitoa ufunguo msumarini nikamkabidhi. Msumari nimeuacha hapo hapo.

Kazi ni kazi, hilo naelewa, nami nimefanya kazi za watu maisha yangu yote. Lakini nilikuwa nimevaa gauni langu la kutokea kwa ajili yako. Nikabaki nimesimama nalo katikati ya bamia kama mtu aliyefika harusini siku isiyo yake. Sikujua pa kuuficha uso.

Mkulima


Tarehe 28 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nimeona ulivyotia sahihi. Imeniuma, na nadhani ulitaka iniume.

Lakini hebu nielewe na mimi. Aina ya bamia mnayolima, kwa maelezo tuliyonayo ofisini, ina jani lililochanika. Jani pana ni dalili ya aina nyingine. Nusu ya shamba lako ilikuwa na majani mapana, tena mimea yake ilikuwa haijatoa hata ua wakati mingine imeshaanza kuzaa. Sikubuni mimi. Kila aliyekuwepo aliona.

Hakuna anayesema ulifanya kusudi. Nimekutetea kwa mkuu wangu. Nimemweleza kwamba umri umesogea, kwamba unaishi peke yako, masikio ndiyo hayo, na huenda mikebe iliingiliana ghalani bila wewe mwenyewe kujua. Ameelewa. Amesema hutachukuliwa hatua yoyote.

Labda ni wakati wa kupumzika, Shangazi. Kichwa nacho huchoka kama miguu. Hakuna aibu katika hilo.

Mwanao


Tarehe 16 Juni

Mwanangu,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa natafuta mkebe wa pili.

Ulisema mikebe iliingiliana. Nikasema basi lazima uwepo wa pili. Nimepekua chini ya kitanda, juu ya kabati, hata ndani ya cherehani. Sijaupata. Lakini wiki iliyopita niliacha birika jikoni mpaka likaungua kitako, na majuzi nimemwita mtoto wa jirani kwa jina la baba yake. Zamani mambo haya yangenichekesha. Sasa kila likitokea moja nakaa chini na kusema, haya, alichosema kijana ndicho hiki.

Siendi kikundini tena. Wakinisalimia wanapanua midomo sana, wanaongea polepole, kama mtu anavyomsemesha mtoto. Walikuwa hawafanyi hivyo. Kiziwi walishamzoea. Huyu mpya ndiye hawajamzoea.

Nikuambie na jambo la ajabu, ukitaka kucheka cheka. Taa yako imeungua. Radi ilipiga siku chache tu baada ya ukaguzi na tangu hapo kisimani ni giza. Sasa zile bamia za upande wa kisima, zile za majani mapana, zimebadili mawazo. Chini majani ni yale yale ya sahani, lakini yanayotoka juu yamechanika vidole vidole, sawa na wenzao wa barabarani. Na maua yameanza. Nilikwenda kuyaangalia asubuhi, nikarudi jioni kuhakikisha, kwa sababu siku hizi macho yangu nayo siyaamini. Mmea mmoja una majani ya aina mbili. Kama nisingekuwa nimeambiwa nimechoka kichwa, ningesema shamba ndilo limechoka kichwa.

Nimekubaliana na jirani wa jembe kwamba msimu ujao achukue shamba alime yeye. Mimi nitahamia kwa mdogo wangu, ana chumba cha uani. Tutatiliana sahihi mwishoni mwa Julai, mbele ya kikundi. Taa nyingine usinunue.

Shangazi yako


Tarehe 23 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Naomba unijibu haya haraka iwezekanavyo, na kwa usahihi.

Taa iliungua tarehe ngapi? Kabla ya hapo ilikuwa inawaka usiku kucha, kila siku? Mwanga wake ulikuwa unafika mstari upi? Mimea yenye majani mapana ilikuwa inaishia mstari gani? Ile ya mpakani ilikuwaje?

Usimweleze mtu kwamba nimeuliza. Bado naangalia jambo fulani na sitaki kusema kabla sijawa na uhakika.

Mwanao


Tarehe 4 Julai

Mwanangu,

Maswali yako yaliponifikia nilijua kwamba ofisi haijakuacha. Mtu hawezi kuulizwa mpaka mstari na mstari kama jambo limekwisha. Na uliposema nisimweleze mtu, nikaelewa zaidi. Unatafuta mlango wa kunitoa kwa siri. Utaponzwa na mimi.

Tena hapa maneno yameshaanza. Katibu ameniandikia kwamba baadhi ya wanakikundi wanadai ulinihurumia, kwamba mkulima mwingine angefutwa kabisa, na mimi nimeachwa kwa kuwa ni shangazi yako.

Kwa hiyo nimelimaliza. Jumamosi nilikwenda kikundini, nikasimama, nikasema nilichanganya mbegu mwenyewe, kwa mkono wangu, nikijua. Nikasema nilikuta mbegu yetu haitoshi, nikajazia na nyingine, nikajitia hamnazo. Mwenyekiti ameandika, nimetia sahihi, na karatasi imetumwa kwenu. Sasa hakuna atakayesema umenibeba. Mkosaji amepatikana na amekiri.

Usihuzunike. Sikumbuki kama nilichanganya. Lakini siwezi kuapa kwamba sikuchanganya, na wewe umesoma, umesema, nami siku hizi nakuamini wewe kuliko ninavyojiamini. Nilipokuwa nasema pale mbele nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, nikatembea nikarudi nyumbani.

Shangazi yako


Tarehe 9 Julai

Shangazi,

Usimpe mtu shamba. Usitie sahihi chochote. Ukiacha kusoma hapa, basi hilo moja lishike.

Hukuchanganya mbegu. Mkebe wa pili haupo na haujawahi kuwepo. Kichwa chako ni kizima kuliko changu.

Ni taa. Bamia haina saa, inapima giza. Msimu huu usiku ni mrefu, kwa hiyo mmea unaona muda unakwisha, unakimbilia kuzaa, na majani yake yanakuja yamechanika. Siku zikiwa ndefu hauna haraka. Unakaa na majani yake ya utotoni, yale mapana, na maua yanachelewa. Upande wa barabara ulikuwa kwenye msimu wa siku fupi. Upande wa kisima, kwa sababu ya taa niliyonunua mimi, ulidhani bado ni ule msimu mwingine. Mbegu ile ile, shamba lile lile, misimu miwili. Taa ilipoungua giza likarudi, na mmea ukafuata wenzake. Hukuona vibaya. Ulichokiona ndicho kilichokuwepo.

Haya nilifundishwa chuoni. Niliulizwa kwenye mtihani nikajibu vizuri. Kisha nikaja kwako na kuiegemea ile nguzo.

Sasa nikuambie lililo baya zaidi, maana hilo la kwanza mtu anaweza kuliita kosa la kazi. Siku ile, nilipoona majani yale, wazo la kwanza lilikuwa kukuuliza. Mkulima mwingine yeyote ningemuuliza: umebadilisha nini upande huu? Nikahisi macho ya kikundi mgongoni. Nikasema nikisita tu, watasema nasita kwa sababu ni shangazi. Kwa hiyo sikusita. Nilikunyima swali ambalo mgeni angepewa, ili mimi nionekane mtu wa haki.

Na nilipokuandikia kwamba kichwa huchoka, sikuwa nakutetea. Nilikuwa najitafutia namna ya kutokuwa mkatili. Nikakupa uzee ili mimi nipate usingizi.

Barua yako ya ile radi ilipofika, nilijua pale pale nikiwa nimesimama nayo kwenye kaunta ya posta. Ofisini kila mbegu tunayoikataa huipanda kidogo kwenye kitalu chetu, na ya kwako, iliyochukuliwa kwenye mkebe ule ule, ilikuwa imeota yote kwa sura moja, majani yamechanika, hakuna mmea uliobaki na mapana. Nilikuwa naipita kila siku nikienda kunywa chai, nikijiambia labda ni bahati. Baada ya barua yako nikatundika taa juu ya nusu ya kitalu, nikakuandikia yale maswali makavu, nikakaa kusubiri. Nilijiambia nasubiri uhakika. Uhakika nilikuwa nao. Nilichokuwa nasubiri ni ujasiri, na wakati nausubiri wewe ulisimama mbele ya watu ukabeba kosa ambalo halipo, kwa ajili yangu.

Karatasi yako ya kukiri iliwekwa mezani kwangu. Sahihi yako ni ile ile, ya mpiga chapa, imenyooka. Niliona haya mpaka nikatoka nje.

Nimeshamwambia mkuu wangu yote. Amenitoa kwenye ukaguzi wa mashamba, sijui kwa muda gani, na sikumuuliza. Nakuja kwenye kikao cha mwisho wa mwezi. Nitasema mbele ya watu wale wale, nimesimama mahali pale pale. Sikuombi unisamehe. Nakuomba tu usinikimbie siku hiyo, maana sijui nitakuangaliaje.

Mwanao


Tarehe 30 Julai

Kwako Bwana Lenzi,

Sijakuita hivyo muda mrefu. Bado sijui kama jina limerudi lote au nusu, lakini nimeona nianze nalo.

Ulikuja. Uliwashusha watu kisimani, ukawaonyesha mmea mmoja wenye majani ya sahani chini na ya vidole juu, ukafungua na sanduku lako la mimea ya kitaluni, ya gizani na ya taani. Ulizungumza ukiwa umenigeukia mimi, polepole lakini bila kupanua mdomo, na nikaweza kukufuata karibu yote. Uliposema "nilimnyima swali" ulirudia ili nisikose neno. Hapo niliangalia pembeni, si kwa sababu ya hasira.

Halafu wakakupigia makofi. Sikuyasikia, niliyaona. Wakakushika mkono mmoja mmoja, kijana mkweli, kijana jasiri. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nyuma nikisubiri mtu akumbuke kwamba aliyechafuliwa ni mimi. Nakuambia haya kwa sababu nataka uyajue, na kwa sababu niliona kwamba na wewe uliyaona. Uliwaacha na mikono yao hewani ukaja kusimama karibu yangu. Hapo ndipo nilipoanza kukuamini.

Mwenyekiti alileta ufunguo nyumbani jioni. Akasema tusahau yaliyopita. Nikamwambia mimi ni kiziwi, aniandikie. Ameandika. Nimemrudishia mara mbili asahihishe, mpaka mahali palipoandikwa "ilitokea" pakaandikwa "tulimtendea". Sasa karatasi iko ukutani na ufunguo uko kwenye msumari wake. Jirani hakukasirika kukosa shamba. Nimemwachia lile jembe.

Wewe unadhani aibu yote ni ya kwako. Nina ya kwangu, na haiondoki kwa makofi. Uliponiambia kichwa kimechoka nilikubali upesi mno. Mwanamke niliyeishi naye maisha yote, ninayejua anaweka nini wapi, nilimwacha kwa neno moja la kwenye barua. Nilimpekua kama mwizi. Nikaenda kumshtaki mbele ya watu. Sasa nikiamka nikatafuta miwani, sijilaumu tena, lakini namwonea haya yule niliyemshuku.

Ya kwako sitakuondolea. Kaa nayo. Wakikurudisha mashambani itakufaa, maana mkaguzi anayeona haya huuliza kabla ya kuandika.

Fundi amebadilisha balbu. Nimemwambia aigeuze taa itazame nyumba na kuzipa mgongo bamia. Pampu ataifungia kibandani. Mwanga sasa unafuata njia ya kuja nyumbani, unaishia mlangoni kwangu.

Siku ya kikao uliwahi basi bila kuingia ndani. Nilikuona ukilitazama dirisha, kisha ukatazama saa ambayo hukuivaa. Sikukuita, nilijua ni haya, na mimi pia nilikuwa nayo. Lakini jagi lipo mezani tangu asubuhi ile. Maji nayabadilisha kila siku.

Shangazi yako